KUMTOA MALKIA MHANGA: MAISHA YA MWALIMU NYERERE KAMA SOMO LA KUFIKIRI

Utangulizi

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka uliopita tulimtembelea mwanachuo wetu mmoja katika shule ya msingi wilayani Bunda. Somo lilikuwa maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, na darasa lilikuwa la tano. Ubaoni palikuwa na orodha ya miaka kuanzia 1922 hadi 1999, na mbele ya kila mwaka tukio lake. Wanafunzi walinakili kwa utulivu. Kisha mtoto mmoja, msichana wa dawati la nyuma, alinyoosha mkono. Alitaka kujua kwa nini mtu aliyepigania uhuru miaka yote ile aliuacha uwaziri mkuu mwezi mmoja na nusu tu baada ya nchi kuwa huru, je, alifukuzwa? Mwanachuo wetu aliangalia daftari lake, akaangalia ubao, akamwambia mtoto kwamba jambo hilo halimo katika somo la siku ile.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mwanachuo huyo. Andalio la somo tulilipitia na kulitia sahihi sisi wenyewe, na hatukuona upungufu wowote. Kosa lilikuwa letu. Swali la mtoto yule ndilo lililokuwa somo lenyewe, na orodha ya miaka ilikuwa ganda lake tu.

Shabaha ya makala haya ni kulijibu swali hilo, na kuonyesha jinsi maisha ya mtu mashuhuri yanavyoweza kufundishwa kama mafumbo ya kufumbua badala ya tarehe za kukariri. Tutaanza na fumbo lenyewe, kisha tutayafuata maisha ya Mwalimu kutoka Butiama, na mwisho tutarudi darasani.

Fumbo la sataranji

Chuoni kwetu wapo wanachuo wachache wanaocheza sataranji, ambayo vijana wa siku hizi huiita chesi. Jioni moja tuliwapa fumbo la kale sana. Hila iliyomo ilikuwa tayari imeandikwa na Mhispania Lucena katika kitabu kilichopigwa chapa yapata mwaka 1497.

Mfalme mweusi amejificha pembeni kabisa mwa ubao. Askari wake wawili wamemzuia asisogee, mmoja mbele yake na mwingine mshazari. Mlango uliobaki ni mmoja tu, nao ni chumba kitupu kilichoko ubavuni kwake. Chumba hicho kinalindwa kwa mbali na ngome yake nyeusi. Upande mweupe unaye farasi aliyesogea karibu, ambaye naye anakilinda chumba hichohicho, na unaye malkia anayekitazama kwa mbali katika mstari wa mshazari. Zamu ni ya mweupe, na askari mweusi yu tayari kumla farasi. Afanye nini?

Karibu wanachuo wote walianza kwa kumwokoa farasi au kumweka malkia mahali pa salama. Ndivyo akili ya binadamu ilivyo: kete kubwa hulindwa. Lakini jawabu ni kinyume. Malkia huingizwa moja kwa moja katika kile chumba kitupu, akamtishia mfalme ana kwa ana. Mfalme hawezi kumla, kwa kuwa farasi analinda. Hana pa kukimbilia. Lililobaki ni moja tu: ngome nyeusi imle malkia. Basi ngome inamla, na kwa kufanya hivyo inakaa katika mlango wa pekee wa mfalme wake na kuuziba. Hapo farasi huruka mara moja, akamtishia mfalme ambaye sasa amezingirwa na watu wake mwenyewe. Mchezo umekwisha.

Mwanachuo aliyelifumbua alituambia kwamba hakuanza kwa ujasiri, bali kwa kuuliza. Tukiyapanga maswali yake, yanakuwa matatu. La kwanza: ninatoa nini, na je, ni changu? La pili: nikikitoa, mpinzani wangu atalazimika kufanya nini? La tatu: halafu itakuwaje? Asiyeuliza la tatu hatoi mhanga. Anapoteza kete tu.

Maswali hayo matatu tutakwenda nayo katika makala yote.

Mtoto wa Butiama

Kambarage alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki wa pale; mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Jina Kambarage ni la mzimu wa mvua, kwa kuwa siku aliyozaliwa mvua ilikuwa inanyesha. Kwa hiyo tusimpambe kwa utajiri asiokuwa nao. Alikuwa mtoto wa mtemi, lakini alichunga mbuzi, alilima na mama yake, na hadi alipofika umri wa miaka 12 hakuwa amekanyaga darasa.

Shule yake ya kwanza ilikuwa ubao wa bao. Mchezo huo, ambao Wazanaki huuita orusoro, ulichezwa na wazee kivulini, na mtoto aliruhusiwa kukaa karibu na kutazama. Inasimuliwa mkoani Mara hadi leo kwamba mtemi mmoja wa jirani, rafiki wa baba yake, alizoea kucheza na kijana huyo. Aliona jinsi anavyofunga na kufungwa, akamshauri Mtemi Burito kwamba mtoto mwenye akili ya namna ile apelekwe shule.

Yafaa tuutazame mchezo wenyewe kidogo. Katika bao mchezaji huchukua kete zote za shimo moja na kuzisambaza, moja katika kila shimo linalofuata. Hakuna njia ya kula kete za mwenzio bila kuzitawanya zako. Mwenye shimo lililojaa hujiona tajiri, lakini shimo hilo halimpi kitu mpaka alivunje, na akishalivunja hawezi kuzirudisha kete alizozipanda. Kwa hiyo mchezaji mzuri huhesabu kwanza kete ya mwisho itaangukia wapi, kisha ndipo hutia mkono shimoni. Mtoto aliyekulia katika mchezo huo alifundishwa maswali yetu matatu kabla hajajua kuandika jina lake.

Mwaka 1934 Kambarage alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, umbali upatao kilomita 40 kutoka Butiama. Miongoni mwa walimu wake alikuwemo Mwalimu James Irenge, ambaye jina lake linakumbukwa kwa heshima Musoma mpaka sasa. Masomo ya miaka minne aliyamaliza katika mitatu, na mwaka 1937 akaenda shule ya serikali ya Tabora. Baba yake alifariki mwaka 1942. Mwaka 1943 alikwenda Makerere, Uganda, na mwishoni mwa mwaka huohuo alibatizwa Nyegina, karibu na Musoma, akachukua jina la Julius. Makerere alitoka mwaka 1945 na stashahada ya ualimu.

Mwanachuo mwenzetu, hapo hebu tutue kidogo. Kijana huyo aliichagua kazi hii hii uliyoichagua wewe. Alifundisha St. Mary's, Tabora, kuanzia mwaka 1946. Akaenda Edinburgh mwaka 1949 na kurudi mwaka 1952 na shahada ya uzamili. Mwezi wa Januari 1953 akamwoa Maria Magige. Kisha akafundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Katika Tanganyika ya wakati ule Waafrika wenye shahada kama yake walihesabika kwa vidole. Kazi ya Pugu ilikuwa ya heshima, yenye mshahara na nyumba. Katika mchezo wa maisha yake, huyo ndiye aliyekuwa malkia.

Mhanga wa kwanza: darasa la Pugu

Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilianzishwa Dar es Salaam, na Mwalimu akawa rais wake. Mwezi wa Machi 1955 alikwenda New York kulihutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi aliwekwa mbele ya njia panda: ama abaki mwalimu na kuiacha siasa, ama aendelee na siasa na kuiacha kazi. Mwezi huohuo wa Machi alijiuzulu ualimu, akarudi nyumbani Mara.

Tuulize. Alitoa nini? Alitoa riziki yake. Je, ilikuwa yake? Ndiyo, ingawa mke na mtoto mchanga walikula katika sahani ileile, na haki yatutaka tuseme kwamba Mama Maria aliubeba mhanga ule pamoja naye. Halafu ikawaje? Miezi ile ya Musoma haikuwa ya fahari. Alimfundisha padri mmoja wa Kimarekani lugha ya Kizanaki. Yaani hata baada ya kuuacha ualimu, ualimu ulikuwa haujamwacha. Lakini aliporudi Dar es Salaam chama kilikuwa na kitu ambacho hakikuwa nacho zamani: kiongozi asiye na mwajiri wa kumzuia. Tangu hapo angeweza kuizunguka nchi nzima bila kuomba ruhusa. Hapo ndipo kete ya mwisho ilipoangukia.

Mhanga wa pili: kura tatu

Tumtoe sasa msomaji wetu Mara na kumpeleka Tabora, kwa sababu fumbo gumu kuliko yote lilifumbuliwa huko, mwezi wa Januari 1958.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa utaratibu wa kura tatu. Kila jimbo lingetoa wajumbe watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Kila mpiga kura alilazimishwa kuwachagua wote watatu, la sivyo kura yake iliharibika. Tena haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya elimu, kipato au kazi. Nchi yenye Waafrika mamilioni iligawanywa sawa kwa sawa na jamii mbili ndogo. Wanachama wengi wa TANU walifika Tabora wakiwa na uamuzi mmoja moyoni, nao ni kuususia uchaguzi ule.

Mwalimu aliwataka waukubali. Wengi waliona kwamba anaitoa heshima ya chama bure. Siku kadhaa za mjadala zilipita kabla mkutano haujakubaliana naye. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitenga na kuanzisha chama chake, African National Congress. Mkutano ule umebaki katika historia yetu kwa jina la Uamuzi wa Busara.

Busara yenyewe ilikuwa nini? Tulitumie swali la pili: mpinzani atalazimika kufanya nini? Sharti la kuwachagua watatu lilitungwa ili kuwabana Waafrika. Lakini sharti hilohilo lilimaanisha kwamba mgombea wa Kizungu na wa Kiasia hawezi kushinda bila kura za Waafrika, ambao katika majimbo mengi ndio waliokuwa wapiga kura wengi. Basi TANU iliwaunga mkono wagombea wa Kizungu na wa Kiasia waliokubaliana na shabaha zake. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, mwezi wa Septemba 1958 na Februari 1959, katika majimbo 10 yenye viti 30. Walioshinda walikuwa wa TANU au walioungwa mkono na TANU.

Msomaji aikumbuke ile ngome nyeusi. Kwa kumla malkia, iliuziba mlango wa mfalme wake yenyewe. Sheria ya kura tatu ilikuwa ngome ya namna hiyo: kwa kusimama pale iliposimamishwa, iliwafungia waliyoitunga. Mwaka 1960, katika uchaguzi uliofuata, TANU ilipata viti 70 kati ya 71.

Liko jambo jingine ambalo mwalimu asiliruke. Heshima ya chama haikuwa mali ya Mwalimu Nyerere peke yake. Kwa hiyo hakuitoa peke yake. Alisimama mbele ya wenyewe, akawashawishi, akapingwa, akajibu, mpaka wenyewe wakakubali. Tutalirudia jambo hili.

Mhanga wa tatu: uwaziri mkuu

Mwaka 1960 Mwalimu alijitolea jambo ambalo viongozi wachache wangethubutu kulisema. Alikuwa tayari uhuru wa Tanganyika ucheleweshwe ikiwa kwa kufanya hivyo Kenya, Uganda na Tanganyika zingepata uhuru pamoja na kuwa shirikisho moja. Mhanga huo haukupokewa, na shirikisho halikuundwa. Katika sataranji pia hutokea hivyo: mtu hutoa kete, mwenzake akakataa kuila. Mchezo huendelea kwa njia nyingine. Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961, Mwalimu akiwa Waziri Mkuu.

Tarehe 22 Januari 1962 akajiuzulu. Hili ndilo lililomshangaza msichana wetu wa darasa la tano, na mwaka ule liliwashangaza wengi waliokuwa watu wazima. Nafasi yake ilishikwa na Rashidi Kawawa.

La, hakufukuzwa. Aliona kwamba chama kilichowaunganisha watu kudai uhuru kilikuwa katika hatari ya kulala baada ya kuupata. Viongozi wake hodari walikuwa wameingia ofisini, na wanachama vijijini hawakujua tena kazi yao ni ipi. Alikitoa cheo kikubwa kuliko vyote nchini, na cheo hicho kilikuwa chake. Akaenda kuzunguka vijijini, kukijenga chama na kuandika mawazo yake juu ya ujamaa. Nchi ikawa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, naye akarudi kama Rais baada ya kuchaguliwa kwa kura nyingi mno. Aliyemshindania alikuwa Mtemvu yuleyule wa Tabora.

Tusiseme kwamba alijua hakika atarudi. Hakuna ajuaye hakika. Mwenye kutoa mhanga huhesabu, kisha hukubali kwamba hesabu yaweza kumgeuka. Hiyo ndiyo tofauti ya mhanga na ujanja.

Kete za watu wengine

Mpaka hapa hadithi ni tamu, na mwalimu mvivu angeishia hapa. Lakini tukiishia hapa tutawafundisha watoto kusifu, si kufikiri.

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwataka viongozi waanze na nafsi zao: wasiwe na mishahara miwili, wasipangishe nyumba, wasiwe na hisa katika makampuni. Miezi michache kabla yake, mwezi wa Oktoba 1966, Mwalimu alikuwa amepunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Na mwezi wa Oktoba 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200 kwa siku 8, kuliunga mkono Azimio. Njia ile ni hii yetu ya Bunda. Kete aliyoitoa ilikuwa miguu yake mwenyewe, na watu waliiona ikitolewa.

Ujamaa vijijini ulianza kwa hiari. Watu waliitwa, wakashawishiwa, waliotaka walikwenda. Mwendo ulikuwa wa polepole. Mwezi wa Novemba 1973 ikatolewa amri kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Mamilioni walihamishwa. Mahali pengine watu walihamishwa kwa nguvu, na nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili wasirudi. Miaka hiyohiyo ukame uliipiga nchi, na serikali ililazimika kununua chakula kingi kutoka ng'ambo.

Tuulize swali la kwanza kama tulivyouliza awali: kilitolewa nini, na kilikuwa cha nani? Nyumba ile, mti ule wa kivuli, kaburi lile la babu, havikuwa vya kiongozi. Tabora mwaka 1958 wenye kete waliulizwa kwanza. Mwaka 1973 na kuendelea wengi wao hawakuulizwa. Shabaha ilikuwa njema: shule, zahanati na maji hupelekwa kwa urahisi zaidi watu wakiishi pamoja, na vijiji vingi vya mkoa wetu vilipata shule yao kwa njia hiyo. Lakini wema wa shabaha haulifuti swali la kwanza. Mtu aweza kumtoa malkia wake mwenyewe. Malkia wa mwenzio huombwa.

Azimio la Musoma

Fumbo la mwisho linatuhusu sisi walimu kuliko yote, na lilichezwa hapa hapa mkoani Mara. Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, mji ule ambao Kambarage aliingia shule yake ya kwanza miaka 40 nyuma. Iliamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, ambayo ilikuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977.

Walimu wangetoka wapi? Vyuo havikuweza kuwatoa kwa haraka ile. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba. Walifundishwa kazini, kwa muda wa miaka mitatu, kwa msaada wa walimu wa vituo, masomo ya posta na vipindi vya redio, huku tayari wakisimama mbele ya watoto. Ndio walioitwa walimu wa UPE. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka wapatao milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 mwaka 1980.

Kilichotolewa mhanga hapo kilikuwa maandalio ya mwalimu, yaani kete kubwa kuliko zote za shule. Kilichopatikana ni mtoto wa mchungaji, mtoto wa mvuvi na mtoto wa kike aliyekuwa akiachwa nyumbani, wote wakiwa darasani. Je, hesabu ilifika mwisho? Hapa wenye busara hawakubaliani. Wako wasemao kwamba mtoto anayesoma kwa mwalimu mchanga ni heri kuliko mtoto asiyesoma kabisa. Wako wasemao kwamba madarasa yalijaa, vitabu vikakosekana, na taifa likalipa deni hilo miaka mingi baadaye.

Sisi tunaoandika tulifundishwa kusoma na walimu wa UPE waliokuwa bado kazini katika miaka ya 1990. Baadhi yao walikuwa hodari kuliko wengi wenye vyeti vikubwa, kwa sababu hawakuacha kujifunza hata siku moja. Wengine walibaki pale walipoachwa na redio. Kwa hiyo tunasema hivi: malkia alipotolewa Musoma, fumbo halikuisha, lilibakiza mruko wa farasi. Mruko huo ni kumwendeleza mwalimu baada ya kumwajiri. Pale ulipofanywa, mhanga ulizaa. Pale ulipoahirishwa, kete ilipotea. Nao bado unangoja kufanywa kila mwaka, na kila anayetoka chuoni.

Kurudi Butiama

Tarehe 5 Novemba 1985 Mwalimu aliuacha urais kwa hiari yake, jambo lililokuwa nadra barani Afrika wakati ule. Uenyekiti wa chama aliuacha mwaka 1990. Alirudi Butiama, akalima, akaandika, akacheza bao na wazee wenzake. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama tarehe 23 mwezi huohuo. Alianza kivulini mbele ya bao la wazee, akarudi kivulini akiwa mzee mwenyewe.

Jinsi ya kulitumia darasani

Tulirudi shule ile ya Bunda pamoja na mwanachuo wetu, na somo tukalipanga upya kwa hatua nne.

Hatua ya kwanza ni zana. Tulichora ubao wa sataranji katika karatasi ya manila, na kete tukazitengeneza kwa vifuniko vya soda vilivyobandikwa herufi. Pasipo na manila, bao la mashimo ardhini latosha. Tuliwapa wanafunzi fumbo la malkia katika vikundi vya watoto watano, nasi tukajizuia kusema jawabu. Kujizuia huko ndiyo kazi ngumu kuliko zote za mwalimu.

Hatua ya pili ni maswali matatu. Baada ya fumbo kufumbuliwa, wanafunzi wenyewe walieleza walivyofikiri, na mwalimu akayaandika maswali ubaoni kwa maneno yao.

Hatua ya tatu ni kisa kimoja tu cha maisha ya Mwalimu, kwa mfano kujiuzulu mwaka 1962. Kisa husimuliwa mpaka penye uamuzi, kisha hukatwa. Wanafunzi wataje wangefanya nini na kwa sababu gani, kabla hawajaambiwa yeye alifanya nini.

Hatua ya nne ni kisa kinachopingana na cha kwanza, kama kuhamishwa kwa watu vijijini. Wanafunzi waliulize swali la kwanza: kete hii ni ya nani? Waulizeni wazee nyumbani pia, kwani wengi waliyaona wenyewe.

Msichana wa dawati la nyuma alipata jawabu lake, ila hakulipata kwetu. Kikundi chake kilijadiliana, na mwenzake mmoja akamweleza kwamba Mwalimu aliachia kete kubwa ili apate nafasi ya kucheza. Naye akauliza mara moja: na kama asingerudi? Mwanachuo wetu safari hii hakutazama daftari. Aliliandika swali lile ubaoni, akalikabidhi kwa darasa zima.

Maswali ya majadiliano

1. Chagueni mhanga mmoja kati ya wa mwaka 1955, 1958 na 1962. Upimeni kwa maswali matatu.

2. Azimio la Musoma lilitoa nini na kupata nini? Waulizeni walimu waliostaafu katika kata zenu, mlete majibu yao chuoni.

3. Andaeni somo la dakika 40 juu ya maisha ya mtu mwingine mashuhuri wa Mara au wa Tanzania, ambalo ndani yake tarehe hazitazidi tatu na uamuzi wa kujadiliwa hautapungua mmoja.